Chapuchapu na Kichupa cha Maabara

Wateja walimwita fundi huyu Chapuchapu, maana kitambaa ukimpa asubuhi, jioni umevaa gauni. Mwanamke asiyetulia, ila kwa titi lake la kushoto hakuwa na haraka. Uvimbe ulianza kama punje ya harage, ukafika ukubwa wa limau, na mwaka ukapita. Ulipofumuka kidonda, akajishonea sidiria yenye tabaka tatu za pamba, akajipulizia manukato, akaendelea kupima watu viuno.

Aliyemgundua ni wifi yake, siku alipokuja kujaribu gauni.

"Wifi, hiyo harufu si ya manukato."

"Jipu tu."

"Jipu gani la mwaka mzima? Vaa viatu, twende."

Daktari alimpapasa kwapani, akakuta matezi magumu. "Mama, nahofia ni saratani, na imeshasogea. Lakini dawa zake hazitolewi kwa kukisia. Lazima nyama ipimwe hospitali kuu." Akampiga ganzi, akatoa kipande kwa sindano nene, akakitia kwenye kichupa. "Majibu wiki tatu."

Wiki tatu zikawa tano. Chapuchapu alishona mkono wa shati kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Mumewe alipomwambia, "Subira yavuta heri, mke wangu," alimjibu, "Mimi subira ndiyo iliyonifikisha hapa."

Wiki ya sita akaenda mwenyewe maabara. Mhudumu akafungua kabati: kichupa kilikuwa palepale. Gari la kupeleka vipimo lilikuwa bovu.

"Nipe nikipeleke mwenyewe."

Daktari alipoitwa, aliinamisha kichwa. "Utusamehe, mama. Hiki kimekaa mno. Itabidi nitoe kingine."

Hajamaliza kusema, Chapuchapu ameshafungua vifungo.

Alisafiri saa saba na wifi yake, kichupa kipya na barua ya daktari mkobani, mkoba kifuani. Kondakta alitaka kuuweka juu, akamkatalia katakata.

"Wewe una hila," wifi akamnong'oneza. "Titi moja limepanda gari mara mbili kwa nauli moja."

Walicheka mpaka kidonda kikamuuma.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa. Ilikuwa saratani, na picha zikaonyesha imeingia kwenye uti wa mgongo.

"Kuimaliza hatutaweza," daktari wake alisema waliporudi. "Kuizuia, tutajaribu."

"Kwa miaka mingapi?"

"Nikikutajia, nitakuwa nakudanganya."

Akaanza dripu za dawa ya saratani, hospitali ileile ya kwao. Nywele zikapukutika. Mzunguko wa nne dawa ikakosekana siku kumi na mbili, naye kila asubuhi alikuwa mlangoni kwa mfamasia, hata yule bwana akawa anamwona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla hajaulizwa. Dawa ilipofika, alipigiwa simu wa kwanza.

Kidonda kilikauka. Mwaka wa pili huu anameza kidonge kila siku na kushona nusu ya kazi ya zamani, huku akiinuka kila mara kunyoosha mgongo. Leo asubuhi nyonga imeanza kumuuma. Amemtumia wifi yake ujumbe: "Natangulia hospitali, nikute huko." Wifi alipopiga simu kumuuliza kulikoni, alikuwa ameshafika getini.