Karatasi Iliyokunywa Wino

Kwenye maonyesho ya sanaa hapa Nyakabiga, msanii alisugua wino mkavu wa Kijapani, ule wa masizi, juu ya jiwe lenye maji. Aliumwaga kwenye karatasi ya Kijapani ya magome ya mti, laini kama kitambaa. Karatasi ikaunywa wote, na harufu ikanifikia.

Bibi aliyenilea naye alikuwa na wino wa masizi. Kila asubuhi aliandika aya ya Kurani kwenye sahani nyeupe, akaiosha, akanipa maji yake meusi ninywe. Tuliyaita kombe.

"Kunywa, mutoto wangu. Mama yako iko mbali, lakini kombe itamurudisha."

Yalikuwa machungu, yananata kwenye meno. Sikubakiza tone.

Siku moja nilimfuata bibi sokoni Jabe bila yeye kujua. Nilimkuta akicheka na muuza nyanya. Muuza nyanya alikuwa mama yangu.

"Mutoto iko aje?" mama aliuliza.

"Anakunywaka kombe yake, ananyamaza."

Kesho yake bibi aliniletea sahani kama kawaida. Nilikunywa, kisha nikamuuliza kama mama bado yuko mbali.

"Mbali sana," alisema, akanifuta wino mdomoni kwa ncha ya kitenge chake.