Pua ya Brashi

Zamani maji yalipimwa kwa jicho na pua. Siku hizi hata samaki wa sebuleni anapimiwa maji kama mgonjwa anayesubiri upasuaji. Ndivyo Brashi alivyonung'unika njia nzima kwenda dukani, peke yake.

Alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, enzi herufi zikichorwa kwa mkono na kuwekewa kivuli, kabla mashine hazijaanza kutema mabango ya plastiki yanayopauka mwenye duka hajapata hata mteja. Tangu afiwe na mkewe, alibaki na samaki wa marehemu kwenye tangi la kioo. Kila asubuhi aliwasimulia mambo ya mjini, nao hawakumkatiza. Walikuwa wanne, sasa wawili, na hao walikuwa wakihemea juu juu. Binti yake alishatoa hukumu: "Baba, nunua kipimo cha maji. Jumapili nikiwakuta bado wanahema hivi, nawachukua."

Muuzaji alimwekea vipimo vya aina mbili mezani.

"Hivi vijikaratasi unachovya tu, mzee wangu, unalinganisha na kadi. Vichupa hivi ni vya matone: unadondosha, unatikisa, unasubiri. Ila ni vya uhakika zaidi."

"Na hii kadi ya rangi nani kaichapa?"

"Kiwanda."

"Walikuwa wamelewa. Hii mnaiita kijani?"

"Mzee, mimi nauza tu."

Brashi akachukua vichupa. Vijikaratasi aliviona ni vya watu wenye haraka, na watu wenye haraka ndio walioua kazi ya vibao.

Nyumbani alidondosha, akatikisa, akasubiri. Kwenye kadi, manjano ilikuwa salama na kijani hatari. Maji yake yakasimama katikati, karibu zaidi na manjano. Mtu mwingine angesema manjano akaenda zake kulala. Brashi alifungua makopo ya rangi, akachora kadi yake mwenyewe, manjano ikielekea kijani kwa hatua ndogo ndogo, akisuuza brashi kila hatua. Jumapili asubuhi akatoa uamuzi: maji ni salama.

Samaki hawakukubali. Midomo ilikuwa juu, inahema.

"Basi kipimo kibovu," akasema, na kwa usalama akabadilisha maji tena kwa ndoo yake. Wakahema zaidi.

Binti alipoingia hakutazama kadi wala vichupa. Alisimama katikati ya sebule, pua juu.

"Baba, unabadilishia maji kwa ndoo gani?"

"Yangu."

"Ile ya kusuuzia brashi?"

"Naiosha mpaka haina harufu!"

"Inanuka tapentaini mpaka barabarani!"

Brashi akaingiza kichwa chote ndooni, akavuta pumzi, akatoka.

"Hainuki."

Binti akamtazama, kisha akaenda jikoni, akarudi na kitu mkononi. "Fumba macho. Nusa. Nini hiki?"

Brashi alinusa kwa heshima zote za fundi. "Kitunguu."

"Sabuni, Baba."

Akafumbua macho. Ilikuwa sabuni kweli, ya waridi. Miaka yote ya tapentaini ilikuwa imeondoka na pua yake bila kuaga.

"Sabuni za siku hizi," akasema, "hazina harufu."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachota maji kwa sufuria safi, akajaza mtungi wa kioo, akawahamishia samaki. Kabla ya adhuhuri walishuka chini, wametulia. Brashi akaanza kusema kwamba ndoo mpya si ghali, lakini binti alishabeba mtungi.

"Tulikubaliana, Baba."

Aliuweka kwenye kiti cha mbele cha gari, akaufunga mkanda kama abiria. Brashi akamfuata na vichupa, na kadi aliyoichora.

"Ya kiwandani inadanganya. Tumia hii."

Binti akaichomeka nyuma ya mtungi isianguke. Gari lilipoanza kuondoka, mara ya mwisho Brashi kuwaona, samaki, wenye rangi ya chungwa lililoiva, walikuwa mbele ya manjano yake, wakifungua midomo na kufumba, wakati yeye bado hajawamalizia habari za jana.