Siku Ambazo Mwamba Haukuanguka

Kazi ya kaka yangu ilikuwa kugonga mwamba. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajashuka kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia dhahabu, yeye alitangulia na mtaimbo, akagonga paa la njia ya chini hatua kwa hatua huku akisikiliza. Mwamba mzima hutoa mlio mkavu. Wenye ufa ndani hulia kama chungu kibovu, na mwanamke yeyote aliyewahi kununua chungu sokoni anaujua mlio huo. Akiusikia alipanda juu na kusema neno moja la Kisukuma, "Yaya," hapana, na siku hiyo hakuna aliyechimba.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimetoka kufanya mtihani wa takwimu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Likizo nikaenda kwake, huko upande wa Bulyanhulu, kumsaidia wifi kuwapikia wachimbaji wali na maharage pale juu, karibu na mdomo wa duara. Wanawake hatukuruhusiwa kushuka. Walisema tukishuka dhahabu inakimbia. Niliwacheka, lakini sikushuka.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kupima nadharia tete. Unaanza kwa kudhani kwamba hakuna jambo, kisha unatafuta ushahidi wa kutosha kuikataa dhana hiyo. Unaweza kukosea kwa njia mbili. Kosa la aina ya kwanza ni kupiga yowe kumbe hakuna jambo. Kosa la aina ya pili ni kunyamaza kumbe jambo lipo. Nilipomtazama kaka yangu nikaona mfano wa kitabuni umevaa buti: dhana ni kwamba mwamba ni mzima, ushahidi ni mlio, na yaya yake ndiyo kuikataa dhana. Nilifurahi kupita kiasi.

Nikafungua daftari. Kila aliposema yaya niliandika, na kesho yake jioni niliwauliza wachimbaji kama paa liliporomoka. Wakisema hapana, niliweka alama kwenye safu niliyoipa jina "Makosa". Katika wiki tano alisema yaya mara kumi na nne. Paa liliporomoka mara moja tu, tena kipande kisichojaza hata karai.

Msimamizi wa duara alikuwa mtu wa haraka. Kila yaya ilimpotezea siku nzima, na mwenye duara alimpigia simu kumfokea. Mchana mmoja, wifi akiwa amekwenda kuteka maji, msimamizi alianza kunung'unika huku anakula kwamba kaka yangu ni mwoga. Ningeweza kunyamaza. Nikamletea daftari.

Akapitisha kidole kwenye ile safu. "Kwa hiyo anatutoa bure."

"Anakataa mno," nikamjibu. "Mlio wa mahali pamoja hautoshi. Angalau asikie sehemu tatu ndipo awatoe watu."

"Mmesikia? Msomi huyo, tena ndugu yake wa damu!"

Wachimbaji wakacheka. Kaka alikuwa ananawa mikono. Akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, umewahi kuusikia huo mlio?"

Nikamwambia sihitaji kuusikia, ninazo hesabu. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo.

Kuanzia kesho yake ikawa ndiyo kanuni: sehemu tatu. Kaka hakumwambia mkewe kanuni ilitoka kwa nani. Alinisitiri. Na kibaya zaidi ni kwamba nilijua. Mhadhiri wetu alisema wazi kuwa kwa ushahidi uleule, ukilibana kosa la kwanza, la pili linapata nafasi. Nililiandika hilo, nikalipigia mstari kwa wino mwekundu, nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Sikumtajia msimamizi kwa sababu lingeharibu maelezo yangu mazuri.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, nachagua mchele. Sikusikia kishindo. Niliona vumbi likitoka mdomoni mwa duara, kisha watu watatu wakipanda huku wanakohoa. Kaka hakuwamo. Walimtoa alasiri. Sitaeleza alivyokuwa. Wifi alimtambua kwa mkanda wa suruali.

Tulimzika nyumbani, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Siku ya pili ya msiba, mmoja wa wale watatu akaja kuketi karibu nami. Hakuwa na lawama, nadhani alitaka tu kumsifu marehemu. Akasema asubuhi ile kaka aligonga, sehemu moja ikalia vibaya. Akagonga ya pili, nzima. Ya tatu, nzima.

"Akatuambia, haya, piteni, mimi nabaki hapa niendelee kuisikiliza. Zamani angesema yaya, tungekaza matimba."

"Matimba gani?"

Akanishangaa. "Magogo ya kushikilia paa, dada. Akisema yaya, siku hiyo tunashusha magogo, tunakaza pale alipoonyesha. Kesho yake ndiyo tunachimba. Kwani ulifikiri kwa nini lilikuwa halianguki?"

Magogo hayo nilikuwa nimeyaona yakishushwa. Nilidhani ni kazi za kawaida za duara, sikuyaandika popote.

Niliingia ndani nikalifungua daftari. Zile alama kwenye safu ya Makosa zilikuwa siku ambazo kaka alisikia sawasawa, akaonyesha mahali, na watu wakapanda juu jioni wakala wali wangu. Nilikuwa nimeuhesabu uzima wao kuwa kosa lake. Kwa muda nilimchukia msimamizi, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mwenyewe.

Wiki hiyohiyo duara lilifukiwa, na wachimbaji wakatawanyika kwenda machimbo ya Geita. Nami chuo kilikuwa kinafungua. Asubuhi ya kuondoka, wifi alikuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Wifi, wewe ndiye umesoma," akasema. "Masikio ya kaka yako yalikuwa hayakosei. Imekuwaje siku ile asiwatoe watu?"

Alikuwa anaifunga kanga polepole. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa kusema ukweli.

"Labda hakusikia, wifi."

Akaitikia kwa kichwa, akakaza fundo. Watoto wake sasa wamekuwa wakubwa, na mpaka leo wanachojua ni kwamba baba yao alikufa kwa sababu hakusikia vizuri.