Kafi ya Dume, Kinu ya Binti

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia harufu ya rangi mbichi. Nilikuwa nimeketi mbele ya karakana yangu hapa Kindu, karibu na bandari, nikipaka rangi nyekundu makafi madogo ya watoto. Kafi ni ule mti wenye bapa ambao wapiga mtumbwi husukumia maji. Sikuwa bado nimetimiza miaka thelathini na tano, na nilijiona mjanja.

Vita vilikuwa vimeanza. Treni haikuwa ikifika, boti zilikuja kwa kubahatisha, na hakuna mtu aliyeagiza kitanda wala kabati. Nani anunue kabati wakati hajui kama kesho atalala kwake? Mimi ni seremala, na mkono wa seremala ukikosa kazi kubwa hutafuta ndogo. Nikaanza kuchonga vitu vya kuchezea watoto: mitumbwi ya urefu wa mkono, na makafi yanayotosha kiganja cha mtoto wa miaka saba. Mzazi, hata akiwa katika dhiki, hutafuta kitu cha kumfanya mtoto acheke.

Mwanzoni sikubagua. Mtoto alikuja, akachukua, akaenda kucheza kwenye maji mafupi nyuma ya bandari. Binti yangu wa kwanza, Mwajuma, alikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa na kafi lake, na mdogo wake Amisi alikuwa na lake. Palikuwa na mtumbwi mkuukuu uliofungwa kwa kamba kwenye gogo. Mwajuma aliupeleka hadi kamba ikakaza, akaugeuza, akaurudisha. Amisi alikuwa abiria tu, akilia ashushwe.

Basi akaja Ramazani, kaka wa mke wangu, mtu wa biashara tangu utoto. Alitazama vitu vyangu, akatikisa kichwa.

"Shemeki, weye unajiua mwenyewe," aliniambia. "Mutoto akichoka na kafi, anapatia dada yake. Pale umepoteza muteja. Gawa! Hii ya wanaume, ile ya mabinti. Muzazi atanunua mara mbili."

Niliona amesema jambo la akili. Mitumbwi na makafi nikayapaka rangi nyekundu. Kwa wasichana nikachonga vinu na michi, vidogo, vya rangi ya njano. Nikavitundika pande mbili za mlango, na kwa kuwa biashara ni mdomo, nikatunga wito wa kuitia wateja: "Kafi ya dume, kinu ya binti! Kafi ya dume, kinu ya binti!" Watu waliokuwa wakingoja boti walicheka, wakanunua. Ramazani alisema kweli. Yule aliyenunua kimoja alianza kununua viwili.

Sasa sikia jambo ambalo mpaka leo linaniaibisha. Sisi wa Kindu tunavushwa mto na Wagenya, kabila la wavuvi wa mto huu, na wanawake wa Kigenya hupiga kafi kama wanavyotembea. Tuliwaona kila asubuhi. Mmoja wao, Mama Asumini, muuza samaki, alikuwa amenivusha mwenyewe kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, siku moja kabla. Alipita na beseni lake kichwani, akasikia wito wangu, akasimama.

"Fundi! Nani alivusha weye jana?"

"Ni weye, Mama."

"Na miye niko dume?"

Watu wote walicheka. Nami, ili nisishindwe mbele ya wateja, nikasema, "Weye uko Mugenya, Mama. Wagenya ni mambo ingine."

Aliacha kucheka. Alishusha beseni lake chini, akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyetema chakula. "Mayi ya muto haiulizake muntu ni kabila gani," alisema. "Wala haiulizake kama iko na ndevu. Uko na binti, Fundi. Mufunze." Akabeba samaki wake, akaenda zake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti mimi ningevunjika guu tu.

Watoto huokota maneno upesi kuliko wanavyookota maembe. Haikupita wiki, wavulana wa bandarini wakawa wanamwimbia Mwajuma wito wangu kila aliposhika kafi. "Dume! Dume! Mwajuma dume!" Alistahimili siku mbili, tatu. Kisha, mchana wa ile siku niliyoanza nayo, alikuja karakanani na nguo zinachuruzika maji, akasimama mbele yangu. Wakati huo palikuwa na mteja, bwana mmoja aliyekuja na mwanawe, ameshika kafi jekundu mkononi, anafikiri.

"Papa," Mwajuma aliuliza, "ni kweli kafi ni ya dume?"

Nilimtazama binti yangu. Kisha nikamtazama mteja. Naye alikuwa akingoja jibu.

"Njo vile, mama," nikamkubalia binti yangu. "Weye uko na kinu yako."

Mteja alinunua. Mwajuma aliliweka kafi lake kwenye rundo la makafi ya kuuza, taratibu, bila kulitupa, akaingia ndani kumsaidia mama yake. Hakulia. Mtoto anapolia ujue bado anabishana nawe. Yeye alikuwa ameamini.

Miaka minne ilipita. Mji ulibadilisha wenye nguvu mara kadhaa, na wote waliokuja na silaha walikamata wanaume na wavulana wawabebee mizigo. Kwa hiyo tuliposikia kwamba wengine wanakaribia, mimi na Amisi tulikimbilia msituni, tukifuata reli. Tulidhani wanawake wataachwa. Ndivyo wanaume wengi tulivyodhani.

Hawakuachwa. Risasi zilianza kulia upande wa kituo, na wanawake wakashuka mtoni wavuke kwenda Alunguli. Mitumbwi ilikuwepo. Wapigaji wake, wanaume, walikuwa msituni pamoja nasi. Mama Asumini alikuwa amekwisha kuondoka na mtumbwi uliojaa watu. Mwajuma, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwambia mama yake, "Nitajaribu." Walipanda wao wawili na jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mke wangu, mara moja tu, na sikumuuliza tena.

"Alikuwa anashika kafi vile tunashikaka muchi, Baba Mwajuma. Mikono mbili juu, anapiga mayi kutoka juu. Nilimwambia, kumbuka vile ulikuwa unafanya mutoto. Akasema, 'Mama, nimesahau.'"

Mtumbwi ulikaa ubavu katikati ya mto, ukapinduka. Mke wangu aling'ang'ania mtumbwi uliopinduka, na Mama Asumini alipokuwa akirudi akamtoa majini. Jirani na mtoto wake hawakuonekana. Mwajuma alipatikana na wavuvi karibu na Lokandu, mbali chini ya mto. Walimzika kando ya mto kabla sijafika. Walinionyesha mahali, nikakaa hapo mpaka waliponiambia tuondoke.

Mimi ni mtu wa kuuliza, mwanangu. Sipendi jambo lisilo na ushahidi, hata lile linalonihukumu. Vita vilipotulia nilimtafuta mzee mmoja wa Kigenya aliyekuwa akivuka mto ule wiki ile ile. Nilimuuliza maji yalikuwaje. Nilitamani aniambie yalikuwa makali, kwamba hata bingwa angezama. Nadhani alijua ninachotaka kusikia, lakini alikuwa mtu mkweli.

"Hapana, Fundi," alisema. "Siku ile mayi ilikuwa mupole."

Sijauza kitu cha kuchezea tangu wakati ule. Lakini usidhani kuacha kwangu kumebadilisha kitu. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu ninaye. Anaitwa Zuhura, binti wa Amisi, ana miaka saba. Kabla ya Idi iliyopita nilimpeleka kwenye duka moja la vitu vya plastiki hapa mjini. Kipaza sauti kilikuwa mlangoni, kikirudia sauti iliyorekodiwa kwamba magari ni ya wanaume na bebe, wale wanasesere, ni za mabinti. Ndani, ukuta mmoja ulikuwa na magari, bunduki, ndege na meli. Ukuta wa pili ulikuwa na bebe, majiko na sufuria, vyote vya rangi ya waridi. Nilichukua meli ndogo nzuri, nikampa. Aliweka mikono nyuma.

"Babu, hiyo ni ya wanaume."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Tazama picha."

Nikavaa miwani. Nilikagua katoni moja baada ya nyingine, ukuta mzima. Kweli, hapakuwa na msichana hata mmoja kwenye meli. Upande wa pili hapakuwa na mvulana hata mmoja jikoni.

Nilizungumza na muuzaji, kijana mwenye adabu. Alinisikiliza. "Papa muzee," alisema, "miye si njo nilichapa hizi karton. Zinatokaka vile kule mbali. Tena nikichanganya, ndugu na dada watachezea kimoja. Miye nitakula nini?"

Nilirudi nyumbani nikamchongea Zuhura kafi, la kwanza baada ya miaka mingi. Alinishukuru kwa heshima. Kesho yake nililiona kwa kaka yake.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi, mwanangu, kwamba neno langu litashinda. Mimi nina mdomo mmoja, na duka lina kipaza sauti. Lakini mwenye deni la neno hulisema. Ukiwa muuzaji, uza kitu, usiuze ni cha nani. Ukiwa mzazi, nunua kimoja na waache wagombanie wote. Mfunze binti kuogelea, kupanda baiskeli, kupiga kafi. Mfunze mvulana kusonga ugali na kumbembeleza mtoto, maana vita havichagui nani abaki na nani. Na siku mtoto wako atakapokuuliza kama kitu fulani ni chake, usigeuke kutazama ni nani anayesikiliza. Mjibu yeye. Swali kama lile huulizwa mara moja.

Mungu akupe umri mrefu usio na majuto kama yangu. Akupe watoto wabishi wasiokuamini upesi unapokosea. Na siku yako ikifika, wao wakuzike wewe, si wewe uwazike wao. Amina.