Ngazi ya Nyuma ya Msikiti

Msikiti wa mtaa wetu hapa Garissa una mnara unaowaka taa za kijani hata mchana. Ukija kutoka upande wa darajani unauona kabla hujauona mji, na hilo ndilo kamati inalojivunia: kuonekana na watu wasioswali humo. Ngazi ya wanawake iko nyuma, nje, kati ya ukuta wa vyoo na tangi la maji. Haikuwa na taa hata moja. Mama yangu alikosa kidato hapo akateguka mguu, na tangu siku hiyo akawa anaswali chumbani peke yake. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Kwake tarawehe ya chumbani ni kama pilau ya harusi uliyoletewa nyumbani kwenye mfuko.

Nikamwendea mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa ngamia anayeamini taa ni pambo la mbele, kama jino la dhahabu.

"Mhandisi," akaniambia. Mimi nafundisha ubunifu wa majengo, lakini kwake msomi asiyetibu watu ni mhandisi. "Wanawake wana tochi za simu."

"Mama mkono mmoja una bakora, mwingine umeshika ukuta. Simu aishike kwa meno?"

"Basi aswali nyumbani. Kwa mwanamke ni bora zaidi."

Kwetu fatwa hupatikana haraka kuliko balbu.

Nikaamua kutengeneza taa mwenyewe. Miaka mingi nimezunguka semina za Nairobi, katika hoteli zinazowasha taa saa sita mchana, nikihubiri ubunifu endelevu kwa watu wanaongoja chai. Sasa nilipata ukuta wa kuhubiria. Nilikata makopo ya mafuta ya kupikia, kila kipande nikakipa balbu, betri na sola yake ndogo, nikavipachika kwenye reli kando ya vidato. Kikifa kimoja, vingine vinaendelea. Unachomoa kibovu, unapachika kizima, bila fundi, bila bisbisi. Nilisimama chini nikajipenda.

Kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukichomoa, mtu yeyote atakichomoa. Ukweli huo haukuwamo katika mihadhara yangu. Kulikuja mgeni rasmi, na vipande vya juu vikahamia kwenye tao la lango la mbele. Mgeni akaenda, vipande vikabaki, kisha vya chini navyo vikafuata, maana tao lenye taa upande mmoja, alisema mwenyekiti, ni aibu.

"Ni mali ya msikiti," akanikumbusha. "Na umezitengeneza vizuri, mashallah. Zinatoka kirahisi."

Mwezi ulipoandama nilimpeleka mama. Alifika chini ya ngazi, akatazama juu kwenye giza, akasimama.

"Hooyo, nitakushika."

"Utanishika mpaka wapi? Juu ni wanawake."

Akageuka. Tulirudi nyumbani, na lango letu tukufu likitumulikia mgongo.

Asubuhi nilichukua ngazi ya mbao, nikavichomoa vipande vyote kutoka kwenye tao, nikachimba ukuta wa nyuma na kuvizika ndani kwa simiti, vikabaki nje vioo vya balbu na sola tu. Usomi wangu wote ulikuwa katika kuchomoa na kupachika, nami nilikuwa naupiga plasta kwa mikono yangu. Mwenyekiti alikuja kutazama.

"Waryaa, wewe! Betri ikifa utaitoaje?"

Ni swali ninalowauliza wanafunzi wangu, na asiyelijibu simpitishi.

"Kwa nyundo," nikamwambia.

Simiti ilipokauka mama alipanda, bakora ikigonga kidato baada ya kidato, nami nikabaki chini nikisikiliza mpaka mlango wa juu ulipofunguka. Baada ya tarawehe aliteremka mbele ya wenzake, amekunja uso.

"Kumbe ngazi yenyewe ni chafu hivi! Kamati nzima ya wanaume wenye ndevu, na hakuna hata mmoja mwenye fagio?"

Alisema kwa sauti ya kufika langoni, alikokuwa amesimama mwenyekiti chini ya tao lake lenye giza. Watu huniuliza dharau nimejifunzia chuo gani.