Nimemlisha Bikira Maria Maneno

Mhariri, tafadhali lifunike jina langu, maana hapa Bujumbura wanaosoma ukurasa huu ni wengi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, Mkatoliki, mzaliwa wa Uvira, sijaoa. Nauza vitenge dukani, lakini watu wananijua zaidi kwa sinema.

Padre wetu huonyesha sinema za dini katika ukumbi wa parokia. Zinasema Kifaransa, kwa hiyo mtu husimama kando ya kitambaa cheupe cha picha na kipaza sauti, akiwaeleza watu kwa Kiswahili. Aliyefanya kazi hiyo alirudi kwao Ubelgiji baada ya uhuru. Padre alipouliza nani anajua Kifaransa vizuri, nilinyoosha mkono mbele ya wasichana wa kwaya. Kifaransa changu ni cha kuuzia vitenge tu, ila kiburi kilinizidi. Padre hanisikii vizuri, yuko nyuma na mashine yake inayonguruma, tena Kiswahili chake bado kichanga.

Mwezi uliopita ilikuja sinema ya Bikira Maria. Alitokea mama analia kwenye kaburi la mtoto, na Bikira Maria akasema naye maneno marefu, haraka haraka. Sikushika hata moja. Ukumbi mzima ukanigeukia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikasema: "Usilie. Watoto wote waliokufa bila ubatizo ninao mimi, nawalea."

Wanawake walipiga magoti palepale. Nje wakabishana. Wengine walisema katekisimu haifundishi hivyo, mtoto asiyebatizwa hamwoni Mungu. Katekista akawanyamazisha akisema sinema imepita kwa maaskofu, na Mama Maria hawezi kudanganya watu. Mimi nilijifanya nakunja waya wa kipaza sauti.

Jirani yangu Mama Rosa alinifuata nyumbani. Nimekula kwake mara nyingi kuliko kwangu. Mtoto wake wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa, hakuna aliyewahi kumbatiza, akazikwa mbali na Wakristo wengine. Sikuwahi kumsikia akimtaja. Siku hiyo alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, ni kweli Mama Maria alisema anamulea? We ndiye unajua Kifaransa."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alisema."

Sasa amempa yule mtoto jina, na huimba akipepeta mchele. Mimi naona haya kupita mlangoni kwake, nazunguka nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku. Mpaka leo sijui Bikira Maria alisema nini hasa. Labda alisema hivyohivyo, lakini sithubutu kumuuliza padre.

Jumapili ijayo sinema ileile inarudi. Mama Rosa amemwita dada yake wa Musaga, naye alizika wawili bila ubatizo, na watakaa benchi la mbele. Nikiungama kwa padre, naogopa ataniambia nisahihishe mbele ya watu, na Mama Rosa atamzika mwanawe mara ya pili. Nikirudia uongo, safari hii nitakuwa nimemsingizia Mama wa Mungu kwa kusudi. Nikisema naumwa, atawekwa mtu anayejua Kifaransa kweli.

Wasomaji, nikemeeni mtakavyo, nimestahili. Lakini nishaurini: Jumapili Bikira Maria atakapofungua kinywa, na Mama Rosa ananitazama mimi, niseme nini?