Mwambie Mkamwana

Barua pepe za matapeli mimi nazipenda. Msinishangae. Nina duka la steshenari Bondeni, hapa Kyela. Natoa kopi, naprinti, nawafungulia watu barua pepe zao, na katika kazi hiyo nimeona vituko. Umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza. Mjane tajiri wa ng'ambo, katika dunia nzima, amekuona wewe wa Kyela ndiye wa kumtunzia mali. Sanduku lako limejaa, bonyeza hapa kabla halijafutwa. Mteja akisema "futa huo upuuzi", mimi humbembeleza kwanza tuusome mpaka chini, kwa sababu nataka kujua aliyeuandika alikuwa anamuwaza nani. Uongo nao una mtu wake uliyemkusudia.

Na ushauri natoa bure. Tazama anwani ya mtumaji, herufi moja moja. Anayekuharakisha, muogope. Anayetaka tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi hata akikuita malaika. Ile ya "hela tuma kwenye namba hii" ilikuwa chekechea, nawaambia, hii ya barua pepe ndiyo sekondari. Wanacheka, na mimi najiona nimeiva.

Basi na mimi nikaletewa ya kwangu.

Ili mnielewe, lazima niseme habari za baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto wa kiume anaitwa mkamwana, na mkamwana humwogopa baba mkwe wake. Si kuogopa kwa kutetemeka, ni heshima. Hatutazamani usoni, hatusemeshani, na jina lake silitaji. Nikimwona anakuja njiani, naingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha mambo hayo. Baba mkwe wangu hajaacha. Ni mwalimu mstaafu, yuko kwake Ngana, Kiingereza anakipasua, lakini hapa hataki mchezo. Jina lake linakaribiana na la chombo kimoja cha jikoni, kwa hiyo tangu niolewe chombo hicho nakiita "kile kidude". Wanangu nao wanakiita hivyohivyo, hawajui kingine.

Akiwa na neno kwangu, humpa mama mkwe. Mimi niko upande wa pili wa ukuta, nasikia kila kitu. "Mwambie mkamwana chumvi imezidi." Mama mkwe ananigeukia: "Anasema chumvi imezidi." Nami najibu: "Mwambie nimesikia." Naye keshasikia kwamba nimesikia, lakini mama mkwe atamwambia tu. Nilizoea. Ila nisiwadanganye, iliniuma. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana, na nilipoolewa nilidhani nimepata mwingine. Nilichopata ni sauti nyuma ya ukuta.

Sasa huyu mzee ndiye katibu wa kikundi cha wakulima wa kakao kijijini kwake. Mnunuzi wao huwaandikia kwa barua pepe: mzigo utachukuliwa lini, malipo yapitie wapi. Sanduku la barua alifunguliwa na mume wangu, na kwa kuwa simu ya mzee leo ina chaji kesho haina, mume wangu akaweka namba yangu mimi. Mtu akitaka kubadili neno la siri, tarakimu za kuthibitisha zinaingia kwenye simu yangu. Akishazipata, sanduku ni lake, mwenyewe anafungiwa nje, na anaweza kumwandikia mnunuzi kwa jina la katibu chochote anachotaka bila mzee kuona. Jasho la msimu mzima la watu wa kijiji lilikuwa mikononi mwangu, na mwenye sanduku hawezi hata kunisalimia.

Asubuhi moja nafagia duka, simu ikalia. Tarakimu hizo, zimeingia. Sijaziomba. Kabla sijaweka ufagio chini, barua pepe nayo ikaingia. Nikatazama anwani, herufi moja moja, kama ninavyofundisha. Ni yake kabisa. Ina jina lake lote; ulimi wangu ndio uliokatazwa, macho hayajakatazwa. Nikafungua.

"Binti yangu mpendwa," ilianza.

Jamani! Nikakaa kwenye boksi la karatasi.

"Nimesahau neno la siri la sanduku langu. Tarakimu zimekuja kwenye simu yako. Nitumie sasa hivi, mnunuzi ananisubiri. Hili ni letu mimi na wewe, usimwambie mtu. Baba yako."

Nikairudia kuisoma, nikairudia tena. Kakao hata sikuiwaza. Binti yangu. Baba yako. Nikasema moyoni, mzee kaamua. Kumbe mdomo ndio uliokuwa mzito, vidole vimemrahisishia. Nikajiuliza ameandika akiwa amekaa wapi, kama amevaa ile kofia yake, kama alifuta kwanza neno "mkamwana" ndipo akaweka hili. Nikaanza kujibu: "Shikamoo baba." Nikaandika na tarakimu. Kilichobaki ni kubonyeza.

Dalili nilizijua, mnisikilize vizuri. Ananiharakisha. Anataka tarakimu. Mteja wangu angefanya hivyo ningemgombeza mpaka jirani atoke nje. Lakini huyu ningemkataliaje? Mtu amenyamaza miaka yote hiyo, leo kafungua kinywa kuniita binti yake, na mimi nimjibu athibitishe yeye ni nani?

Nikaisoma mara nyingine, kwa utamu tu. Hapo ndipo nikaliona lile neno: usimwambie mtu. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakauka. Kati yangu na baba mkwe hakuna "usimwambie". Kuna "mwambie" tu. Hajawahi kuwa na jambo na mimi ambalo halikupita kinywani mwa mtu mwingine. Hata kama angebadilika, mama mkwe angekuwa wa kwanza kuniletea habari, tena kwa vigelegele.

Nikaacha kubonyeza. Lakini kuhisi si kujua. Wateja wangu mimi nawaambia, mpigie mwenyewe umuulize. Haya, mimi nampigiaje? Mume wangu alikuwa amevuka mpaka kwenda Karonga kwa shangazi yake, hapatikani. Mama mkwe simu yake huiwasha akitaka kupiga yeye. Akimaliza anaizima, anasema inapumzika. Nikafunga duka, nikapanda bodaboda mpaka Ngana.

Mama mkwe nilimkuta uani anageuza kakao juani. Mzee yuko ndani. Nikajibanza kwenye ukuta wa jiko, khanga kichwani.

"Mama, muulize kama ameniandikia barua leo."

Hakungoja kuulizwa. "Mwambie mkamwana sijamwandikia," sauti ikatoka ndani. "Nimwandikie mimi? Kwa lipi?"

Kakao ilikuwa imepona, na mimi moyo ulizama. Nilitaka kulia, nikajikaza.

"Mama, muulize kama siku hizi alibonyeza kitu kwenye simu."

Kuku akapita. "Mwambie waliandika sanduku limejaa," akasema taratibu. "Wakataka neno la siri ili waliongeze, nikawapa."

Mwalimu mzima! Mimi sikuthubutu kusema. Mama mkwe alisema bila kutumwa: "Na uzee wote huo, umeingizwa mjini!"

"Mwambie asome walichoandika," mzee akasema, sauti imeshuka.

Nikasoma. Nilipofika "binti yangu mpendwa" nikasikia kikohozi ndani.

"Mwambie arudie hapo mwanzo."

Nikarudia. Mama mkwe akaacha kugeuza kakao akautazama mlango.

"Haya. Aendelee."

Nilipomaliza, mama mkwe aliingia akatoka na simu ya mzee, akanipa. Nikaomba tarakimu mpya, nikabadili neno la siri, nikawafungia nje wote waliokuwa wamejipenyeza. Mama mkwe akaiamsha simu yake, akampigia mnunuzi akamwambia asifuate barua yoyote ya siku hiyo. Mwizi alikuwa bado hajamwandikia, alingoja kwanza amfungie mzee nje. Katika kupekua sanduku nikaikuta barua ya zamani ya mume wangu, yenye namba na anwani yangu: "Baba, ukisahau neno la siri, tarakimu zitakwenda kwa mkamwana wako." Hapo ndipo mwizi alipopata njia. Alikuwa na anwani, alikuwa na namba, alijua mpaka habari za mnunuzi. Alichokosa ni kujua mkamwana ni nani. Alidhani ni mtoto wa kuitwa kwa neno tamu. Alirusha tu, na lilinipata pale nilipokuwa na kidonda.

Naondoka, sauti ikanifuata: "Mwambie, siku nikiandika kweli, atajua."

Na kweli nilijua. Baada ya mzigo kuchukuliwa, barua ikaingia kwenye sanduku langu, mimi peke yangu: "Mwambie mkamwana mzigo umekwenda salama. Mwambie ndaga." Yaani ananishukuru, lakini kwanza kaweka mtu wa katikati ambaye hayupo. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikajibu: "Mwambie nimesikia." Tangu hapo tunaandikiana hivyo, na hakuna tapeli atakayeotea.

Masika haya, siku niliyopanga kwenda kwao, ikaja nyingine: "Mwambie binti yangu asije leo, maji yamefunika njia."

Nikaganda. Neno limebadilika, na sheria yangu naijua: neno likibadilika, uliza. Nikafunga duka nikaenda. Bodaboda ilinifikisha nusu, kilichobaki nikakivuka kwa miguu, maji magotini, viatu mkononi. Nikafika ukutani nimelowa chapachapa.

"Mama," nikasema, "muulize kama hilo neno ameliandika yeye."

Mama mkwe hakugeuka, wala hakuuliza. Alikaa anasubiri na mimi.

Ndani mtu akakohoa.

"Mwambie ni mimi."